Usilipe Deni Usilolikopa: Haki Zako Mwizi Anapotumia Jina Lako

Haya ndiyo maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha msaada wa kisheria huko Kayole, Nairobi. Tumeyaandika yote kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Wazee wetu, kina mama wa vyama, vijana wa boda na wa jua kali, hamjambo? Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa nasi.

Nianze na swali. Ni nani hapa amewahi kuomba mkopo akaambiwa "jina lako liko CRB", yaani kwenye kampuni zinazoweka taarifa za wakopaji, na yeye hajakopa popote? Inueni mikono tu, msiogope. Aibu si yako. Aibu ni ya aliyechukua kitambulisho chako akakopea, na ya yule aliyetoa pesa bila kuhakikisha anampa nani.

Leo nina neno moja, na mengine yote yanalifuata hilo: usilipe deni usilolikopa. Usilipe hata kama ni shilingi elfu mbili. Usilipe hata kama wanakupigia simu kutoka asubuhi hadi usiku. Lipinge, na ulipinge kwa maandishi.

Mbona ninasisitiza hivyo? Mfikirie mama anayeuza mitumba Gikomba. Anataka mkopo wa kununua marobota mawili kabla shule hazijafunguliwa. Benki inamwambia ana deni la shilingi 4,300 kwenye programu ya mikopo ambayo hajawahi hata kuisikia. Anajiambia, "Wacha nilipe niondoe balaa." Analipa kwa simu, kazi imekwisha. Anarudi benki, na jina bado lina doa. Kwa nini? Kwa sababu deni lililolipwa kwa kuchelewa halifutwi. Linaandikwa tu kwamba limelipwa, na rekodi ya kuchelewa inabaki kwenye faili lake kwa miaka 5 tangu siku aliyolipa. Juu ya hayo, akienda kulalamika kwamba deni halikuwa lake, ataulizwa swali moja tu: kama halikuwa lako, mbona ulilipa?

Deni lililopingwa, likathibitika kuwa si lako, huondolewa. Deni lililolipwa hubaki. Tafadhali mshike hilo kabla hatujaendelea.

Na si kulipa peke yake kunakofunga. Ule ujumbe wa WhatsApp unaomwandikia mdai, "nipe hadi mwisho wa mwezi" au "nipunguzieni kidogo", ni kukiri deni. Wanaodai wanajua hivyo, ndiyo maana wanakuchokoza mpaka uandike. Ukilazimika kujibu, jibu hivi: "Sikuchukua mkopo huu. Nitumieni nakala ya ombi na uthibitisho wa pesa zilikoenda." Kisha nyamaza. Usitukane, usibembeleze.

Sasa tuangalie ni nini hasa kimeandikwa juu yako. Wengi huja kwetu na kilio, lakini ripoti yenyewe hawajaiona. Huwezi kupinga kitu ambacho hujakisoma. Kenya ina kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu ya kuweka taarifa za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila moja. Chukua zote tatu. Mkopeshaji anaweza kuwa alipeleka jina lako kote, na ukisafishwa kwenye kampuni moja, pengine ukabaki mchafu kwenye mbili, halafu benki unayoiendea inasoma palepale ulipobaki mchafu.

Ukiipata ripoti, usikimbilie kiasi cha deni. Soma tarehe na namba. Hebu tumchukue kijana wa boda aliyenyimwa mkopo wa pikipiki. Ripoti yake inaonyesha akaunti iliyofunguliwa tarehe 14 Machi. Yeye alipoteza pochi tarehe 11 Machi, akaenda kituo cha polisi tarehe 12, akapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Namba ya simu iliyo kwenye akaunti ile si yake; zinalingana tarakimu nne za mwanzo tu. Anuani imeandikwa Kisumu, na hajawahi kuishi huko. Mwajiri ameandikwa kampuni asiyoijua. Mnaona? Karatasi ile ile iliyomfungia mlango ndiyo imebeba ushahidi wake. Kabla hajaandika barua yoyote, apige mstari wa wino chini ya kila kisicho chake.

Na mtu ambaye hakupiga ripoti polisi siku ile? Bado hajapotea. Aende leo. Tarehe ya OB haitatangulia ile ya mkopo, kwa hiyo atahitaji nguvu nyingine: alikuwa wapi siku ile, simu yake ilikuwa namba gani, kitambulisho kipya aliomba lini. Ni kazi zaidi, lakini kazi yenyewe inafanyika.

Polisi wakikuambia "hilo ni jambo la benki, nenda benki", usiondoke. Wizi wa utambulisho ni kosa la jinai. Ni kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mtajie afisa kifungu hicho kwa upole. Hakikisha maelezo yanayoandikwa kwenye kitabu yanasema "mtu ametumia kitambulisho changu kuchukua mkopo", wala si "amepoteza kitambulisho" peke yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha uliripoti, ikisema kitambulisho kilipotea tu haitakufikisha mbali.

Ukitoka polisi, nenda kwa wakili aliye kamishna wa viapo ukaapishiwe hati ya kiapo. Ukurasa mmoja au miwili inatosha. Iseme wewe ni nani, namba yako ya kitambulisho, namba zako halisi za simu, ulijuaje habari za deni, na kwamba hukuomba wala hukupokea pesa hizo. Usiweke hasira humo, na usimtaje mtu unayemshuku kama huna ushahidi. Hati ya kiapo ni kiapo. Uongo mdogo ndani yake utakurudia mwenyewe.

Jambo jingine, na hili lifanyeni hapa hapa kwenye viti vyenu. Pigeni *106#. Mtaona namba zote za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo. Wenye laini za mitandao miwili, pigeni kwenye kila moja. Ukiona namba usiyoijua, piga picha ya skrini kabla hujairipoti ifungwe, kwa sababu ikishafungwa haitaonekana tena kwenye orodha. Namba hiyo mara nyingi ndiyo iliyopokea mkopo.

Sasa barua. Hapa ndipo kesi nyingi zinaposhindwa au kushinda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unaandika barua mbili siku moja. Ya kwanza inaenda kwa mkopeshaji, ya pili kwa kampuni ya CRB. Watu wengi huandikia CRB peke yake. CRB inamuuliza mkopeshaji, mkopeshaji anajibu "deni ni sahihi", faili linafungwa. Ukiwa umeshamwandikia mkopeshaji na kumwekea ushahidi mezani, hawezi tena kujibu kwa neno moja.

Barua ya CRB iseme waziwazi: namba ya akaunti unayoipinga, sababu ya kuipinga, na unachotaka, yaani ifutwe. Ambatisha nakala ya kitambulisho, abstrakti, hati ya kiapo na ile ripoti uliyoipigia mistari. Ukiwa na akaunti tatu za wizi, zipinge moja moja kwa namba zake. Usiandike "madeni yote si yangu". Kampuni ikishapokea, inapaswa kuweka alama kwenye ripoti yako kwamba taarifa hiyo inachunguzwa, na uchunguzi una siku 21. Siku hizo zikipita bila uchunguzi kukamilika, taarifa inayopingwa inapaswa kufutwa kama ulivyoomba. Sikilizeni vizuri: siku zinahesabiwa tangu barua ipokelewe. Sasa utathibitishaje ilipokelewa lini? Ukipeleka kwa mkono, beba nakala mbili na moja igongwe muhuri wenye tarehe. Ukituma kwa barua pepe, omba jibu la kupokelewa na uliweke. Simu uliyopiga kwa huduma kwa wateja haihesabiki. Haihesabiki hata kama uliongea saa nzima na dada mpole sana.

Uchunguzi ukiisha na wakasema deni linabaki, una haki ya kuomba maelezo yako mafupi yaambatishwe kwenye ripoti ili kila atakayeisoma ajue unapinga. Fanya hivyo, huku ukiendelea na hatua nyingine.

Barua ya mkopeshaji ina uzito wa aina yake, kwa sababu kule ndiko ukweli uliko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kuona taarifa zako walizonazo, na haki ya taarifa za uongo kusahihishwa au kufutwa. Kwa hiyo usiwaandikie "naomba mnisaidie". Waandikie "ninadai", kisha orodhesha: nakala ya fomu ya ombi au rekodi ya ombi la mtandaoni, picha ya uso iliyopigwa wakati wa kujisajili, nakala ya kitambulisho iliyotumika, namba ya simu iliyosajiliwa, aina na namba ya utambulisho ya simu iliyotumika, tarehe, saa na dakika mkopo ulipotolewa, na namba au akaunti iliyopokea pesa. Kanuni za mwaka 2021 zinawapa siku 7 kukupa taarifa, na siku 14 kwa ombi la kusahihisha.

Nini hutokea? Mara nyingi moja kati ya mambo mawili. Huenda wakaleta picha ya uso, na uso si wako. Hapo mjadala umekwisha. Au hawana kitu, wamebaki na jina na namba ya kitambulisho tu. Hapo pia wana shida kubwa, kwa sababu kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi kinamtaka anayedai jambo alithibitishe. Anayesema ulikopa ndiye wa kuonyesha mkataba. Wewe huna mzigo wa kuthibitisha kwamba hukufanya jambo ambalo hukufanya.

Waulizeni pia habari ya ilani. Kabla jina halijapelekwa CRB, mkopeshaji anapaswa kukujulisha siku 30 kabla, isipokuwa mkataba umeweka muda mfupi zaidi. Ilani hiyo ilitumwa wapi? Karibu kila mara ilitumwa kwa namba ya mwizi. Basi wewe hukupewa ilani. Liandike hilo kwenye barua. Na kama kiasi ni chini ya shilingi 1,000, kanuni za mwaka 2020 haziruhusu kabisa mtu kuorodheshwa kwa deni hilo.

Kuna hali moja ngumu zaidi, nayo ni laini iliyobadilishwa, yaani mwizi amehamishia namba yako kwenye kadi ya simu aliyo nayo yeye. Dada mmoja anaona simu imekata mtandao usiku, anadhani ni hitilafu. Asubuhi akaunti imekaushwa, na juu yake kuna mikopo miwili. Mkopeshaji atasema pesa zilienda kwa namba yako na PIN ilikuwa yako. Na ni kweli, zilienda hapo. Kwa hiyo ushahidi wake hauko kwa mkopeshaji, uko kwa kampuni ya simu: rekodi ya lini laini ilibadilishwa, saa ngapi, na kwa wakala au duka gani. Aiombe kwa sheria ile ile ya data. Apate na taarifa ya miamala, aonyeshe kwamba mikopo yote miwili ilitoka baada ya laini kubadilishwa na pesa zikahamishwa dakika chache baadaye kwenda kwa namba asizozijua. Wakiwa hapa wenye laini za Safaricom, pigeni *100*100# mzuie laini zenu zisibadilishwe kwa mawakala.

Na ikiwa mwizi ni wa nyumbani? Sitalipita hili, maana wengi wenu mnalifikiria na hamtaki kulisema. Ndugu, mume, binti wa shangazi. Alichukua simu ukiwa umelala, PIN anaijua. Sheria haina mlango wa kando kwa ndugu. Ili deni liondolewe kwako, itabidi useme ni nani alilichukua, na huenda polisi wakamhoji. Ukiamua kumlinda, basi wewe na yeye mlipeni mkopeshaji, lakini ujue doa litabaki kwako. Hatuwezi kukuandikia hati ya kiapo inayosema "sijui ni nani" na wewe unajua. Wanaotaka kuamua hilo wakae kwanza na familia, sisi tutawangoja.

Mkopeshaji akikaa kimya au akikataa, nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Iko Britam Tower, Upper Hill, na malalamiko yanapokelewa pia mtandaoni. Hulipi chochote. Hulazimiki kuwa na wakili. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90, na kifungu cha 65 kinakupa haki ya fidia, si kwa pesa ulizopoteza tu bali hata kwa dhiki uliyopata. Je, ofisi hiyo ina meno? Septemba 2023 iliitoza Mulla Pride, kampuni yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu walizopata kwa wengine kuwatumia vitisho. Kwa hiyo peleka lalamiko lako likiwa limekamilika: barua zako, mihuri, majibu yao au ukimya wao, kwa mpangilio wa tarehe. Usisahau kutaja hasara: barua ya benki iliyokunyima mkopo, ujumbe wa mwajiri aliyekunyima kazi kwa kukosa cheti cha CRB. Watu wengi hawatunzi karatasi ya kunyimwa, na bila hiyo fidia hukosa pa kusimamia.

Kama mkopeshaji ni benki au mkopeshaji wa kidijitali mwenye leseni, peleka nakala Benki Kuu. Kama hana leseni, waandikie Benki Kuu hivyo hivyo uwajulishe. Tangu kanuni za mwaka 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na orodha yao hutangazwa hadharani.

Mahakamani je? Tusidanganyane. Nyingi ya kesi hizi zinaweza kwisha kabla ya hapo. Lakini zipo zinazohitaji hakimu, hasa pale jina lilipoharibiwa na mtu akapoteza tenda au kazi. Angalizo kubwa ni muda. Kesi ya kuvunjiwa jina ina mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja! Mtu anazunguka na barua miezi kumi na minne, halafu anakuja kwa wakili, na mlango huo umeshafungwa. Angalizo la pili: Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai hadi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, lakini haisikizi kesi za kuvunjiwa jina. Ukiipeleka huko kwa sura hiyo itatupwa. Ushahidi wa picha za skrini na jumbe za simu nao unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na aliyechapisha. Bila cheti, upande wa pili utaomba ukataliwe.

Nani akusimamie? Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya mwaka 2016, na Kituo Cha Sheria ambacho kimekuwa kikiwatetea wanyonge tangu 1973. Ukikosa ada ya mahakama, Agizo la 33 la Kanuni za Mashauri ya Madai linakuruhusu kuomba kufungua kesi kama maskini. Ukimlipa wakili, hakikisha kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili kwamba ana cheti cha mwaka huu. Na akikuambia "usinilipe, nitachukua nusu ya fidia tukishinda", kataa. Makubaliano ya kulipwa ushindi tu ni batili chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili. Nawasikia vijana wakisema mmeona mtandaoni mawakili wa Marekani wakifanya hivyo. Ni kweli, huko wana sheria yao ya ripoti za mikopo ya mwaka 1970, na anayeshindwa anaweza kubeba ada ya wakili. Hapa sheria ni nyingine, na barua iliyonakiliwa kutoka huko haitafanya kazi kwenye mahakama zetu za Milimani.

Mwisho, wale wanaosema "natoa jina CRB kwa elfu tatu". Mabango yao yako kwenye nguzo za stima kutoka hapa hadi Umoja. Hakuna dalali mwenye ufunguo wa CRB. Anayeweza kurekebisha ni mkopeshaji aliyepeleka taarifa, au kampuni ya CRB yenyewe. Dalali anakuomba nini? Kitambulisho, picha yako umekishika, namba ya simu na PIN. Ndivyo vitu vile vile vinavyohitajika kuchukua mkopo kwa jina lako. Unaingia na deni moja, unatoka na matatu.

Sasa tugawane kazi. Mlio na ripoti mikononi, njooni meza ya kushoto na kalamu, tutazisoma pamoja mstari kwa mstari. Ambao hamjazipata, meza ya kulia kuna vijana watakaowaonyesha kuziomba kwa simu zenu wenyewe. Msimpe mtu yeyote PIN, hata wao. Kamishna wa viapo yuko chumba cha nyuma mpaka saa kumi. Mwenye barua iliyokaribia kufikisha mwaka asipange foleni, apite mbele moja kwa moja.